Mbegu ya Kivumbasi na Chakula cha Nyuki Katika Vilima vya Igogo

Mtu aliyepanda maboga kando ya nyumba yake huweza kukutwa na jambo la kutatanisha. Mimea imestawi, majani ni mapana, na kila alfajiri maua ya manjano yamefunguka. Hata hivyo matunda machanga, kabla hayajafikia ukubwa wa ngumi ya mtoto, hugeuka rangi, hunyauka na kuanguka. Aghalabu lawama hutupiwa udongo, au mbolea, au jua. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingine kilichokosekana si mbolea wala maji: ni mdudu mmoja mdogo ambaye hakufika asubuhi ile.

Katika kata ya Igogo, jijini Mwanza, jambo hili lastahili kufikiriwa kwa makini. Huko nyumba zimepanda vilima hadi katikati ya miamba mikubwa ya graniti, na chini yake ni Ziwa Viktoria. Udongo ni haba, nao umekaa katika mifuko midogo baina ya mawe. Kichaka kinapofyekwa ili kupata kiwanja au kuni, mambo mawili hutoweka pamoja: mizizi iliyoshika udongo usisombwe na mvua kwenda ziwani, na maua yaliyowalisha nyuki. Makala haya yaeleza jinsi mmea mmoja wa kienyeji, kivumbasi, uwezavyo kurudishwa kwa mbegu, na kwa nini wengi wanaojaribu kuuotesha hukata tamaa mapema mno.

Kazi ya mdudu katika ua

Mboga huwa na maua ya aina mbili katika mmea mmoja. Ua dume hutoa chavua, yaani ule unga wa manjano. Ua jike hubeba chini yake kijitunda kichanga. Chavua ya boga ni nzito na yenye kunata, haipeperushwi na upepo kama ile ya mahindi. Hapana budi ichukuliwe na mdudu. Tena muda ni mfupi: ua jike hufunguka alfajiri, hufumba kabla ya adhuhuri, wala halifunguki tena. Likipata chavua kidogo, tunda huenda likakua limepinda. Lisipopata kabisa, tunda huanguka.

Nyanya ina desturi nyingine. Ua lake laweza kujichavusha lenyewe, lakini chavua imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Baadhi ya nyuki, wakiwamo wale wakubwa weusi watoboao mbao, hulishika ua na kulitikisa kwa misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Kwa hiyo kuwa na mzinga peke yake hakutoshi; bustani yahitaji nyuki wa namna nyingi: wa asali, nyuki wadogo wasiouma, na wale waishio mmoja mmoja ardhini au ndani ya vijiti vikavu.

Nyuki hawa wote huishi kwa chakula cha namna mbili tu. Mbochi, yaani maji matamu ya ua, huwapa nguvu. Chavua huwapa protini ya kulelea watoto. Maboga huchanua majuma machache tu, ilhali nyuki huhitaji chakula kila wakati. Huko Mwanza mvua za vuli huanguka kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika kuanzia Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi. Chakula kikipungua, kundi la nyuki wa asali wa Kiafrika huweza kuuacha mzinga na kuhama. Wale wadogo hawawezi kwenda mbali. Wengi wao hutafuta chakula katika mwendo wa meta mia kadhaa tu kutoka kwenye kiota. Kwao, mtaa usio na maua ni sawa na jangwa.

Kivumbasi ni mmea gani

Jina la kivumbasi hutumiwa kwa mimea kadhaa ya jamii ya mrihani. Unaozungumzwa hapa ni ule uitwao na wataalamu Ocimum gratissimum. Ni mmea wa kudumu: shina lake la chini hugeuka mti, na ukikatwa juu huchipua tena. Huweza kufikia urefu wa meta 1 hadi 3. Shina changa lina pembe nne, majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na maua yake madogo, meupe yenye kuelekea umanjano au ukijani, hupangana kwa duara kuzunguka kikonyo.

Watu wengi huujua kwa harufu. Majani yana vijifuko vya mafuta ambayo katika mimea mingi ya aina hii huwa na eujeno, ile dawa inayoipa karafuu harufu yake. Katika mimea mingine kilichozidi ni thimoli. Majani haya yametumiwa tangu zamani kufukuzia mbu, na majaribio yaliyofanywa Tanzania yameonyesha kwamba kweli mbu hupungua, ingawa si kwa kiasi cha kumwezesha mtu kuacha chandarua. Hapa pana ajabu ya kutafakari: mmea uleule unaowafukuza wadudu kwa majani huwaalika kwa maua. Jani lajilinda lisiliwe. Ua lataka mgeni. Nyuki anapotua juu ya mdomo wa chini wa ua, stameni nne zilizoinama humpaka chavua tumboni, naye huipeleka kwenye ua linalofuata.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini usipandwe mmea wowote wa kigeni wenye maua mazuri? Jibu liko ziwani. Gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 liliziba ghuba na bandari na kuwatesa wavuvi. Katika makazi yake ya asili mmea huwa na wadudu na magonjwa ya kuuzuia. Ukihamishwa, huweza kuwaacha nyuma wazuiaji hao. Hata kivumbasi, ambacho ni mwenyeji wa Afrika, kimekuwa gugu katika baadhi ya visiwa vya Pasifiki. Uzuri wa mmea, basi, hauwezi kupimwa bila kuuliza umepandwa wapi.

Kwa nini mbegu ya porini hungoja

Mkulima aliyezoea mahindi hutazamia kwamba mbegu akiifukia, katika juma moja itaota, na zote zitaota pamoja. Tabia hiyo si ya asili. Imetokana na maelfu ya miaka ya wakulima kuchagua: mbegu iliyochelewa kuota haikuvunwa, kwa hiyo haikupandwa tena. Mmea wa porini haukupitia mchujo huo. Kwake, mbegu zote kuota siku moja ni hatari, kwa maana mvua ya siku mbili ikifuatwa na jua kali, uzao wote hufa. Kwa hiyo mbegu nyingi za porini zina kizuizi kinachozichelewesha, na hata zilizotoka katika mmea mmoja haziamki pamoja.

Kizuizi hicho hutofautiana kwa mahali. Mbegu za mimea mingi ya kudumu ya mbuga za Marekani huhitaji majuma kadhaa ya baridi na unyevu kabla ya kuota, maana bila hivyo zingeota wakati wa kupukutika majani na kuuawa na theluji. Ndiyo sababu vitabu vya huko huagiza mbegu zitiwe katika jokofu. Mwanza hakuna majira ya theluji, na mbegu ya huko haina haja ya kuyangoja. Adui yake ni ukame. Migunga, kwa mfano, ina mbegu zenye ganda gumu lisilopitisha maji mpaka likwaruzwe au lilainishwe kwa maji ya moto. Mwenye kufuata kitabu cha nchi nyingine bila kuuliza sababu huweza kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Tatizo la mbegu ya kivumbasi ni udogo wake. Upana wake ni kama milimeta moja na nusu tu. Ndani yake mna akiba ndogo sana ya chakula. Punje ya hindi ikifukiwa sentimeta 5 ina nguvu ya kuusukuma mche hadi juu. Mbegu ya kivumbasi ikifukiwa hivyo humaliza akiba yake gizani na kufa kabla ya kuliona jua. Hili ndilo kosa la kawaida, na ndilo linalomfanya mtu aseme kwamba mbegu zilikuwa mbovu.

Namna ya kuotesha

Mbegu hukusanywa vikonyo vinapogeuka rangi ya kahawia. Hukatwa asubuhi umande ukiisha kukauka, zikawekwa katika mfuko wa karatasi. Mfuko wa nailoni haufai, kwa kuwa hufungia unyevu na kuleta ukungu. Baada ya kukauka kivulini kwa siku chache, vikonyo hufikichwa kwa mikono na kupepetwa polepole, kisha mbegu hutiwa katika chupa kavu yenye kifuniko, pamoja na karatasi yenye tarehe na mahali zilipotoka. Zisichukuliwe zote, sehemu kubwa iachwe mahali pake ijisambaze yenyewe.

Kitalu chaweza kuwa sanduku la mbao au kopo pana lililotobolewa chini. Udongo uwe mchanganyiko wa mchanga, udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri, uliochekechwa. Hunyweshwa kwanza, ndipo mbegu zikanyunyizwa juu, zikabanwa kidogo kwa kiganja, na kufunikwa kwa mchanga mwembamba usiozidi unene wa mbegu yenyewe. Maji ya kumimina huzisomba mbegu. Yafaa kunyunyiza kwa mkono, au kukiweka kopo ndani ya beseni la maji mpaka udongo ujinyonyee kutoka chini. Kitalu kisikauke hata siku moja, wala kisitote daima. Katika joto la Mwanza mbegu za kwanza aghalabu huchomoza kati ya siku ya 7 na ya 14. Nyingine huchelewa, kwa hiyo udongo usimwagwe mapema.

Miche ikiwa na jozi tatu za majani huzoezwa jua kidogo kidogo, kisha huhamishwa mvua inapoanza kutulia ardhini. Kwa hiyo mbegu za kupandwa wakati wa vuli zisiwe kitaluni baadaye ya Septemba, na za masika zisiwe baadaye ya Januari. Katika vilima vya Igogo mahali pazuri ni mifuko ya udongo upande wa juu wa mawe, mche mmoja kwa kila meta moja, ukiwa umezungushiwa kijikuta cha kokoto ili maji yasiusombe. Mmea ukikomaa hupunguzwa, lakini si yote kwa siku moja, ili pasiwe na juma lisilo na maua. Na vijiti vichache vikavu viachwe, kwa kuwa baadhi ya nyuki hufanya viota humo. Dawa ya kuua wadudu isinyunyiziwe maua yaliyofunguka.

Majaribio ya shuleni

La kwanza ni la kina. Mbegu 50 zipandwe juu ya udongo bila kufunikwa, 50 zifunikwe milimeta 2, na 50 sentimeta 3. Vitalu vyote vipate maji na mwanga sawa, na miche ihesabiwe kila siku kwa majuma manne. Ikiwa 30 zimeota kati ya 50, uotaji ni asilimia 60. Kuchora grafu ya idadi kwa siku kutaonyesha pia kama mbegu huamka pamoja au kwa zamu.

La pili ni la kusoma ua lililokwisha. Kila ua la kivumbasi huweza kuzaa mbegu 4, si zaidi. Vikombe 25 vikavu vikifunguliwa, jumla yaweza kuwa mbegu 100. Vikonyo vilivyofunikwa kwa kitambaa cha chandarua tangu vikiwa vichanga vilinganishwe na vilivyoachwa wazi. Tofauti itaonyesha ni sehemu gani ya kazi hufanywa na wadudu.

La tatu lajibu swali la maboga. Jioni yachaguliwe maua jike yatakayofunguka kesho yake. Baadhi yafunikwe kwa chandarua, baadhi yaachwe wazi, na mengine yapakwe chavua ya ua dume kwa mkono alfajiri. Ikiwa yaliyopakwa kwa mkono yameshika matunda, na yaliyoachwa wazi yameanguka kama yale yaliyofunikwa, basi udongo hauna hatia: wadudu ndio wamekosekana. Ikiwa hata yaliyopakwa yameanguka, sababu yapaswa kutafutwa kwingine, katika maji, rutuba au magonjwa.

Kivumbasi peke yake hakitarudisha kila kilichopotea. Nyuki watahitaji pia mikwaju, mikunazi, marejea na magugu mengi yasiyo na sifa. Lakini shule iliyo na chupa ya mbegu na makopo machache yaweza kuanza msimu huu, na baada ya mwaka mmoja kurudia jaribio la maboga mahali palepale. Hesabu za miaka miwili zikiwekwa bega kwa bega, wanafunzi watakuwa na jibu lao wenyewe juu ya kilima chao.