Je, Mkristo anaweza kubatizwa mara mbili?

Si jambo geni nchini kumwona muumini aliyebatizwa utotoni katika kanisa la Katoliki, Anglikana au PCEA akizamishwa mtoni pindi anapojiunga na kanisa la Kipentekoste. Aghalabu wazazi wake husononeka, kwa kuwa kwao tendo hilo ni sawa na kutangaza kuwa walichomfanyia akiwa mchanga kilikuwa bure. Mchungaji wake mpya naye hushikilia kwamba hapo hapana ubatizo wa pili. Huo ndio wa kwanza.

Wengi hudhani ugomvi ni wa kiasi cha maji. Ni kweli kwamba neno ubatizo lina asili ya Kigiriki, likiwa na maana ya kuchovya au kuzamisha, na Mtume Paulo katika Waraka kwa Warumi anafananisha tendo hilo na kufa, kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo. Hata hivyo, Didake, kitabu cha kale mno cha maagizo ya Wakristo, kiliruhusu anayebatizwa amwagiwe maji kichwani mara tatu iwapo hapakuwa na maji ya kutosha kumzamisha.

Kiini cha mvutano ni swali la nani hasa anayetenda. Wanaobatiza watoto huamini kuwa ubatizo kwanza ni tendo la Mungu: mtoto hupokea neema kama alivyopokea uhai, bila kuombwa ruhusa, huku wazazi na wasimamizi wakikiri imani kwa niaba yake. Wanaowapinga husema kuwa ubatizo ni itikio la mtu aliyelisikia neno na kutubu mwenyewe, jambo ambalo mtoto mchanga hawezi.

Tofauti hiyo imewahi kumwaga damu. Mnamo Januari 1525, mjini Zürich, Uswisi, Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, mtu mzima aliyekuwa amebatizwa utotoni. Miaka miwili baadaye mwenzao, Felix Manz, alihukumiwa kifo na kutoswa katika mto Limmat. Waliomhukumu, inafaa kukumbuka, walikuwa Waprotestanti.

Swali hili lilikuwa limezuka zamani katika Afrika Kaskazini, ambako Wadonato walidai kuwa kasisi aliyeisaliti imani nyakati za mateso hawezi kutoa ubatizo wa kweli. Augustino wa Hippo aliwajibu kuwa anayebatiza hasa ni Kristo, si kasisi, kwa hivyo dhambi ya kasisi haiutangui ubatizo. Ndiyo sababu hadi leo Mwanglikana anayehamia Katoliki habatizwi upya, mradi alibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Isitoshe, Wakatoliki hukubali kuwa mtoto anapokaribia kufa, mkunga anaweza kumbatiza, hata kama mkunga huyo si Mkristo, ila awe na nia ya kutenda litendwalo na Kanisa.

Ulegevu huo haupo katika maneno. Agosti 2020, Vatican ilitamka kuwa anayesema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza" hajabatiza. Mwaka wa 2022 jimbo la Phoenix, Marekani, lilitangaza kuwa kasisi mmoja alikuwa ametumia wingi huo kwa miaka mingi, na maelfu ya waumini wakatakiwa kubatizwa. Hata sisi tunaolipwa kwa kusahihisha viambishi hatujawahi kuona kimoja chenye uzito kama huo.

Wapo pia Wakristo wasiotumia maji kabisa. Marafiki, waliofungua misheni yao Kaimosi mwaka wa 1902, pamoja na Jeshi la Wokovu, hufundisha kuwa ubatizo ni wa Roho, nao hufanyika ndani ya mtu. Mmoja wao akiamua kuingia Katoliki au Anglikana, hapana ubishi: atabatizwa, hata akiwa na mvi.