Taa za Banda Zinacheza? Usikimbilie Kununua Betri

Wenye kuku wa mayai wanaotumia sola huniuliza sana: "Bwana shamba, jioni taa za LED zinawaka zinazima, nibadilishe betri?" Ngoja kwanza. Betri ni hela nyingi, na mara nyingi tatizo halipo hapo.

Ndani ya taa hizi kuna kifaa kidogo, mafundi wanakiita draiva. Kazi yake ni kuzipa LED mkondo uleule hata volti za betri zikipanda au kushuka. Kinafungua na kufunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, huku kikipima mkondo na kujirekebisha.

Fikiria unafungulia maji ya mfereji, mwenzako yuko chini shambani anakuambia "ongeza" au "punguza". Maji yakichelewa kufika, utaongeza kupita kiasi, matuta yafurike, ukibana, yanakauka. Hamtulii. Draiva nayo ikijirekebisha kwa pupa au kwa kuchelewa, mwanga unacheza.

Sasa, waya unaingiaje? Volti zikipungua, draiva huvuta ampia zaidi ili mwanga usififie. Ampia zikizidi, waya mwembamba unapoteza volti zaidi, nayo inazidi kuvuta. Mwisho inashindwa, inazima. Ikishazima, volti zinarudi juu, inawaka tena. Ndiyo mchezo unaouona.

Tupige hesabu. Una betri ya volti 12 na taa za jumla ya wati 36. Waya ni wa shaba, 1.5 mm².

- Banda likiwa mita 30 kutoka kwenye betri, taa zinapata kama volti 9 tu.
- Likiwa mita 60, waya huo hauwezi kufikisha zaidi ya wati 25. Hata ununue betri mpya kabisa, wati 36 hazifiki.
- Ukiweka waya wa 4 mm² kwa mita 30, taa zinapata kama volti 11.

Kabla ya kutoa hela, fanya hivi:

1. Taa zikiwa zinawaka, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye taa. Tofauti ikizidi volti 1, shughulikia waya na viungio. Kiungio kilicholegea au chenye kutu kinaharibu kama waya mwembamba.
2. Chukua taa hiyohiyo, iunge karibu na betri iliyojaa kwa waya mfupi mnene. Ikitulia, kosa ni waya. Ikiendelea kucheza, draiva yenyewe ni mbovu, badilisha taa.
3. Volti zikishuka kwenye betri yenyewe mara tu unapowasha, ilhali imechajiwa siku nzima, hapo ndipo uishuku betri.
4. Kama umefunga swichi ya kupunguza mwanga, hakikisha taa zako zimetengenezwa kufanya kazi nayo.

Ukiweza, sogeza betri karibu na banda, sehemu kavu yenye hewa. Njia hiyo hupunguza gharama ya waya.

Msilipuuze jambo hili. Kuku huona kucheza kwa mwanga ambako jicho letu halikuoni. Na kuku wa mayai anahitaji mwanga wa saa 16 hivi kwa siku. Huku kwetu jua linatupa kama 12. Hizo 4 za taa zikiyumba, utaziona kwenye trei.