Shokapu za gesi na mlango wa nyuma unaoanguka: kwa nini Bukavu hukumbana nao

Mlango wa nyuma wa Toyota Noah au Hiace hufunguka kwenda juu, na kinachouzuia usirudi chini ni shokapu mbili nyembamba za gesi, moja kila upande. Wauzaji wa vipuri wanaotumia Kifaransa huziita vérin. Zinapochoka, mlango hushuka wenyewe juu ya mgongo wa anayepakia mzigo, na kijiti cha kuuegemeza huwa kifaa cha kudumu ndani ya gari. Vizazi vitatu vya kwanza vya RAV4 haviijui adha hii, kwa sababu mlango wao wa nyuma hufunguka kwa ubavu kama wa chumba.

Shokapu ya gesi ni silinda ya chuma iliyojazwa naitrojeni na mafuta kidogo. Ndani yake mna pistoni yenye tundu dogo, hivyo gesi hukaa pande zote mbili kwa mgandamizo uleule. Fimbo, hata hivyo, imechukua sehemu ya upande mmoja wa pistoni, kwa hiyo upande wa pili husukuma zaidi na fimbo hutoka nje. Fimbo ya milimita 8 ina eneo la milimita za mraba 50 hivi. Gesi ikiwa na mgandamizo wa baa 100, msukumo hufika niutoni 500, sawa na uzito wa kilo 51. Nguvu kubwa hivyo inahitajika kwa sababu shokapu hufungwa karibu na bawaba. Mlango wa kilo 20 ambao kitovu cha uzito wake kiko sentimita 50 kutoka kwenye bawaba, ukisukumwa na shokapu zenye mkono wa sentimita 12 tu, hudai niutoni 400 na kitu kwa kila shokapu. Kampuni ya Stabilus ya Koblenz, Ujerumani, ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1962.

Kinachozeeka ni mpira unaoizunguka fimbo. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, mpira hulika kidogo na gesi huvuja polepole. Vumbi la kiangazi likiganda kwenye fimbo, au kutu ikiikwaruza, uvujaji huongezeka. Alama ya mafuta kwenye fimbo ni dalili kwamba mpira umeshindwa.

Magari mengi ya Bukavu yamekwisha kutumika miaka mingi ng'ambo kabla ya kushushwa Mombasa au Dar es Salaam na kupitia Rwanda hadi mpaka wa Ruzizi. Shokapu iliyobakiwa na nguvu ya kutosha tu kwenye joto la nyuzi 32 bandarini hupoteza karibu asilimia 5 ya msukumo asubuhi ya nyuzi 16 Bukavu, kwa kuwa gesi ikipoa mgandamizo wake hupungua. Shokapu mpya haitetereki kwa upungufu huo, ila iliyochoka huangusha mlango. Mwinuko wa mji, mita 1,500 hivi juu ya bahari, hauna kosa: tofauti ya mgandamizo wa hewa ni ndogo mno mbele ya baa 100. Vilima ndivyo vinavyochangia. Gari likisimama pua ikielekea juu, mlango uliokuwa umeinuka kupita usawa hulala zaidi, na uzito wake kwenye shokapu huongezeka.

Shokapu mpya huchaguliwa kwa vipimo, si kwa kufanana. Nguvu huandikwa kwenye silinda kwa niutoni, kwa mfano 400N. Maandishi yakifutika, hupimwa urefu kutoka kiungo hadi kiungo fimbo ikiwa imetoka yote, mwendo wa fimbo, na unene wake. Yenye nguvu kupita kiasi hurusha mlango na kuukunja bati. Iliyotolewa kwenye gari lililobomolewa hujaribiwa kwa mizani ya kupimia watu: ikisimamishwa wima na kukandamizwa, ya niutoni 400 inapaswa kuonyesha kilo 41 hivi.

Wakati wa kubadilisha, mlango huegemezwa kwanza kwa mti imara. Kibanio cha kiungo hulegezwa kwa bisibisi bapa, kisha shokapu huvutwa itoke. Hubadilishwa zote mbili, la sivyo mlango hupinda. Mlango ukiwa umefungwa, fimbo ielekee chini ili mafuta yaulowanishe mpira. Fimbo haipakwi grisi wala rangi.

Kwa ndugu anayetuma vipuri kutoka Brussels au Montréal, shokapu ya gesi huhesabiwa kuwa kifaa chenye mgandamizo, chini ya namba UN 3164, kwa hiyo shirika la ndege huulizwa kabla ya kuifunga sandukuni. Ile ya zamani haikatwi, haichomelewi wala haitupwi motoni, kwa maana hata iliyoshindwa kuinua mlango bado ina gesi ya kutosha kurusha vipande vya chuma.