King'amuzi kisicholipiwa chaweza kulinda duka

MWENYE duka la pembejeo jirani na soko la Nyasho, Manispaa ya Musoma, anafunga hesabu za mwezi na kukuta mifuko miwili ya mbolea haionekani. Kijana wa dukani anasema hajui. Tajiri hana namna ya kumtuhumu wala ya kumsafisha. Anaulizia kamera nne na mashine ya kurekodia, lakini anaambiwa diski inauzwa mbali, na bei yake ndiyo inayomrudisha nyumbani.

Huo ni mfano tu, lakini wenye maduka wengi watajiona humo. Na huko nyumbani, juu ya kabati, huenda kuna king'amuzi cha zamani cha kurekodia ambacho kifurushi chake kilikatika siku nyingi.

Tangu Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, na mikoa mingine kufuata, ving'amuzi vimejaa majumbani. Vile vya kurekodia vina kitu ambacho vingine havina, nacho ni diski kama ya kompyuta. Tena diski hizo mara nyingi zilitengenezwa kuandika picha usiku na mchana bila kupumzika, kazi ileile inayofanywa na mashine ya kamera.

Kabla ya kushika bisibisi, mwenye mali ahakikishe king'amuzi ni chake. Vingine hutolewa kwa mkataba na hubaki mali ya kampuni. Asitegemee pia kuokoa mechi au tamthilia alizorekodi. Zimefungwa kwa siri ya king'amuzi hichohicho, na kompyuta itaiona diski kama tupu au itaomba kuifuta. Anayejitokeza mtaani kudai "atafungua" chaneli za kulipia kwa bei ya kutupa akwepwe. Hilo ni kosa la jinai.

Kazi ya kuitoa apewe fundi, kwa kuwa sehemu ya umeme ndani ya king'amuzi yaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Fundi aipime kwenye kompyuta kwanza. Diski inayogonga-gonga au yenye maeneo mabovu haifai kulinda hata banda la kuku. Ikiwa nzima, na plagi zake ni za SATA, huingia kwenye mashine ya kamera, ambayo huifuta na kuipanga upya yenyewe.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kamera moja inayorekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 86.4. Diski ya gigabaiti 500 basi hujaa kabla ya siku 6 kwisha, kisha mashine huanza kuandika juu ya picha za zamani. Mwenye duka anayesubiri mwisho wa mwezi kuhesabu mifuko atakuta picha za siku ya wizi zilishafutika. Ama ahesabu stoo kila baada ya siku mbili au tatu, ama mashine iwekwe kurekodi pale tu kitu kinapotikisika mbele ya kamera. Kwa duka linalofungwa jioni, njia hii ya pili huongeza siku nyingi.

Asiyehitaji kamera aweza kuiunganisha diski, kwa adapta yenye umeme wake, na king'amuzi cha antena chenye tundu la USB kinachokubali kurekodi, akahifadhi vipindi vya kilimo vya chaneli za bure. Kuonyesha watu kwa kiingilio ni habari nyingine, maana sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamhusu.

Umeme unaokatika ghafla huua diski, hivyo betri ndogo ya akiba si anasa. Mashine yenyewe isikae kaunta, bali ifungwe kwenye kabati la nyuma lenye matundu ya hewa, mahali ambapo mwizi hataiona kwa urahisi.