Ukosefu wa Kazi na Masomo ya Uganga

Mwanafunzi akichagua masomo ya chuo husema amefuata moyo wake. Mara nyingi huwa amefuata pia hali ya mji wake. Kazi zikipungua mjini, vijana wengi hugeukia uuguzi na kazi nyingine za hospitali. Yafaa tuijue sababu yake, hasa sisi tunaokaribia kuchagua.

Tuutazame mji wa Elkhart, katika jimbo la Indiana, Marekani. Wengi huko huishi kwa viwanda vya nyumba za magurudumu za kusafiria. Biashara ilipoanguka mwaka 2008, nyumba hizo zilikosa wanunuzi, na mapema mwaka 2009 wasio na kazi walikaribia asilimia 20. Lakini katika Marekani nzima kazi za afya ziliendelea kuongezeka miaka hiyo hiyo. Kwa nini? Kwanza, ugonjwa haungoji biashara ipate nafuu. Pili, kiwanda huweza kuhamishwa, lakini mgonjwa hutibiwa alipo. Tatu, na hili ndilo kubwa, mshahara wa muuguzi hautoki mifukoni mwa wenyeji peke yao. Kwa sheria ya mwaka 1965, serikali kuu hugharimia matibabu ya wazee waliotimiza miaka 65. Fedha hizo huingia mjini hata viwanda vikinyamaza. Tena, asiye na kazi hapotezi mshahara akienda kusoma, na huko uuguzi huweza kusomwa kwa miaka 2.

Hata hivyo njia hiyo ina miiba. Vyuo vya uuguzi havina walimu wa kutosha, basi wengi wenye sifa hukataliwa. Zaidi ya hayo, wakati ule wauguzi wazee waliahirisha kustaafu, na wengine walirudi kazini waume zao walipoachishwa kazi. Baadhi ya wahitimu wapya walikuta nafasi zimejaa.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili lina sura nyingine. Mwajiri mkuu wa waganga ni serikali. Ikikosa fedha, wagonjwa hujaa wodini, na huku daktari aliyehitimu anakaa nyumbani. Nchini Kenya, mwaka 2024, madaktari wa serikali waligoma siku 56. Miongoni mwa madai yao ni kwamba madaktari wapya wapelekwe hospitalini kufanya mazoezi, tena walipwe ipasavyo.

Basi anayetaka uganga asihesabu wagonjwa tu. Ajiulize: Nani atanilipa mshahara? Nikihitimu, nitangoja mazoezi kwa muda gani? Nafasi zikikosekana mjini, je, niko tayari kwenda zahanati ya shamba? Na ninyi wazee wetu mliopita shuleni hapa na sasa mko hospitalini, mtatufaa sana mkitujibu maswali hayo.

Mwenye kuyapima hayo, na bado akauona uganga kuwa ndio wito wake, na aende. Lakini anayependa ualimu au ufundi, asiuache kwa sababu ya habari za mwaka huu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.