Mbwa Naye Huumia kwa Jua

Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, nchi ya Dodoma huwa kavu, na jua la saa saba huchoma kweli. Pwani nako joto huzidi tangu Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Siku hizo ng'ombe hupelekwa kunywa maji, na kuku hujificha chini ya ghala. Lakini mbwa aliyefungwa mnyororo, ambaye amekesha akitulindia nyumba, atakwenda wapi?

Yafaa tujue kwanza mwili wake ulivyo. Mtu akiona joto hutoka jasho, na jasho likikauka humpoza. Mbwa hana jasho la namna hiyo, ila kidogo tu katika nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kwa kuhema hupoteza maji mengi. Mbwa mwenye afya huwa na joto la digrii 38 hadi 39. Likipita 41 yumo hatarini, na asipopozwa upesi aweza kufa siku ile ile.

KIVULI NA MAJI

Wengi humfunga mbwa chini ya mti asubuhi, wakasahau ya kuwa kivuli huhama. Saa sita mti upo, lakini mbwa yumo juani. Mfungeni mahali penye kivuli mchana kutwa, na mnyororo usizunguke shina ukamzuia kufikia maji. Kibanda cha mabati kikipigwa na jua huwa kama tanuri. Kiezekeni nyasi, na mwacheni pepo zipite. Maji yawe katika chungu kizito asichoweza kukipindua, nayo yabadilishwe asubuhi, adhuhuri na jioni. Msimpeleke mbali mchana. Wekeni mgongo wa mkono juu ya ardhi: usipoweza kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua.

CHAKULA CHA SIKU ZA JOTO

Mpeni chakula asubuhi na jioni, wakati wa baridi. Hiki chapikwa kwa urahisi: lowekeni konzi ya dagaa, mwage maji yale ya chumvi, kisha chemsheni dagaa kwa maji mapya. Tieni unga kidogo uwe uji mwepesi. Usitiwe chumvi, wala pilipili, wala kitunguu. Upoe kabisa ndipo apewe, na usilale hadi kesho, maana kwa joto huchacha upesi.

Mkitaka kumfurahisha, pondeni kiazi kitamu kilichochemshwa, mchanganye na unga wa dagaa, mfinyange vidonge vidogo. Kipande cha tikiti maji, bila mbegu wala ganda, nacho humburudisha.

Vitunguu na vitunguu saumu huharibu damu yake, kwa hiyo makombo ya mchuzi si chakula chake. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumbo. Tena msimpe mahindi yenye kuvu mkidhani ni halali ya mbwa. Sumu ya kuvu huharibu ini lake, na kupika hakuiondoi. Mahindi hayo hayafai kwa mtu wala kwa mnyama.

AKIZIDIWA NA JOTO

Dalili zake ni kuhema bila kupumzika, mate mazito, kutapika, kuyumba na kuanguka. Mpelekeni kivulini mara moja. Mmwagieni maji mwili mzima, hasa tumboni na miguuni, mkimpepea. Akiweza kunywa, mpeni maji kidogo kidogo. Msimnyweshe kwa nguvu. Kisha mwiteni bwana mifugo, hata akionekana amepona.

Lakini jihadharini. Mate na kuyumba ni dalili za kichaa cha mbwa pia. Ikiwa mbwa ni mgeni, au amebadilika tabia, msimguse. Waondoeni watoto, mkampashe habari bwana mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo. Na kila mbwa wa nyumbani achanjwe.

Kazi ya maji mpeni mtoto mmoja, awe na zamu yake kila siku, na jioni baba au mama atazame chungu. Mbwa hawezi kuomba maji. Asipokumbukwa na wenye nyumba, hana mwingine wa kumkumbuka.