Ndege kuukuu huruka na daftari lake

Ndege ya kivita iliyozeeka haifufuliwi kwa rangi mpya. Mafundi huifungua kipande kwa kipande, huipima nyufa zisizoonekana kwa macho, kisha huandika kila kilichobadilishwa na saa ambazo injini imefanya kazi.

Waingereza walifanya hivyo kwa Vulcan XH558, ndege ya mabomu ya mwaka 1960. Jeshi liliiuza mwaka 1993, nayo ikaruka tena Oktoba 2007. Iliacha kuruka mwaka 2015, kwa kuwa kampuni zilizoijua kiufundi hazikuendelea kuidhamini.

Sisi Waganda tuliona kinyume chake. Mwaka 1998 nchi yetu ililetewa helikopta za kivita aina ya Mi-24, zilizotumika, kutoka Belarus. Zilitakiwa kukarabatiwa kwanza. Zilipofika hazikufaa kuruka, na fedha zimeshatoka. Tume ya Jaji Julia Sebutinde ikachunguza ununuzi huo.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaonunua pikipiki, jenereta na magari yaliyotumika kati ya Ariwara, Koboko na Kaya. Tuliosoma ukimbizini tunajua uzito wa karatasi: wapo waliorudi nyumbani bila cheti wakarudishwa darasa la chini. Basi chombo nacho tukiulizie hivyo hivyo: nani alikifungua, lini, na alibadilisha nini? Muuzaji asipojibu, nenda na fundi wako afungue injini kabla hujahesabu fedha.